Usiidharau Sekunde: Somo Kutoka Njia ya Nane



Shukrani zote njema anastahiki Allah (s.w.t.). Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake.

Ndugu zangu katika imani, dini yetu haikatazi kumfurahia mshindi. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alishindana mbio na mkewe, Bi Aisha (r.a.). Basi leo tumfurahie kijana wa bara letu, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, kisha tujiulize safari yake inatufundisha nini sisi tulio chuoni.

Julai 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Hafnaoui alikuwa na miaka 18. Katika mchujo wa kuogelea mita 400 mtindo huru alishika nafasi ya nane, ya mwisho kuingia fainali. Akapangiwa njia ya nane, pembeni kabisa mwa bwawa, kwani njia za katikati hupewa wenye kasi zaidi. Fainali ilipoisha, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kugusa ukuta, kwa dakika 3 na sekunde 43.36.

Miaka miwili baadaye yalikuja mashindano ya dunia ya Fukuoka, Japani. Siku ya kwanza ya mbio za bwawani, katika mita 400, aliikosa dhahabu kwa sekunde 0.02. Ukifumba jicho na kulifumbua, umeshapita muda huo mara kadhaa. Hakukata tamaa. Alishinda mita 800, na siku ya mwisho akashinda mita 1,500 kwa kumtangulia Mmarekani Bobby Finke kwa sekunde 0.05. Dhahabu mbili na fedha moja!

Ndugu zangu, sekunde 0.05 haitafutwi siku ya fainali. Hutafutwa asubuhi za mazoezi, wakati hakuna mpiga makofi. Na sisi tumefundishwa katika Suratu Zalzala kwamba hata wema wenye uzito wa chembe mtendaji wake atauona, na uovu kadhalika. Bi Aisha (r.a.) naye amepokea kwamba amali ipendezayo zaidi kwa Allah ni ile yenye kudumu, hata ikiwa ndogo.

Lakini safari haikuishia Fukuoka, na uadilifu unatutaka tuiseme yote. Baadaye Hafnaoui alifungiwa miezi 21, kuanzia Aprili 2024. Kosa lililotajwa halikuwa kutumia dawa zilizokatazwa. Lilikuwa kushindwa, mara tatu ndani ya miezi 12, kutimiza wajibu wa kuwajulisha wapimaji mahali alipo na kupatikana hapo. Aliyeshinda kwa kidogo, kidogo kikamsimamisha.

Sisemi haya kumwaibisha, maana kosa langu ni la jinsi hiyohiyo. Muhula uliopita niliahidi kuwafundisha watoto Qur'ani kila Jumamosi, katika msikiti ulio jirani na chuo. Ufunguo wa darasa nilikuwa nao mimi. Jumamosi ya kwanza niliyokosa nilikuwa na kazi ya darasani. Ya pili nilikuwa na usingizi tu. Ya tatu nikasema mvua. Nilipokwenda ya nne nikawakuta watoto watatu, na kabla hawajafungua misahafu mmoja akaniuliza, "Ustadhi, na wiki ijayo utakuja?"

Nilikuwa nimejiandaa kuwafundisha hukumu za tajwidi, lakini swali lile lilinifundisha mimi kwanza. Kila Jumamosi niliihesabu kuwa jambo dogo. Mtoto aliyesimama nje ya mlango uliofungwa hakuihesabu hivyo. Kuvunja ahadi ni katika alama za unafiki alizotuonya Mtume (s.a.w.), na alama hiyo huingia kidogokidogo.

Basi mwenzangu uliyepangiwa njia ya nane, uliyepata alama za chini au unayesoma kwa ada ya kuungaunga, ogelea. Njia ya pembeni nayo ina ukuta wa kumalizia. Na wewe uliyekwisha shinda, ukapewa uongozi au ufunguo, linda Jumamosi zako. Alfajiri ya kesho ni ndogo, na ahadi uliyoiweka jana ni ndogo, lakini zote mbili zitaandikwa.

Allah atujaalie istiqama katika madogo na makubwa, na amsimamishe tena kila aliyeteleza. Amin.

Wabillahi tawfiq.