Genge la Kwenye Skrini

Yakuza ni mfululizo wa gemu ulioanzishwa na kampuni ya Sega nchini Japani Desemba 2005. Katika gemu zake nyingi mchezaji huwa Kazuma Kiryu, mfuasi wa genge la Tojo, na huzurura apendavyo katika Kamurocho, mtaa wa kubuni ulioigwa kutoka Kabukicho, sehemu ya anasa jijini Tokyo. Kila baada ya hatua chache wahuni humkatia njia na ugomvi huzuka: ngumi, mateke, hata baiskeli iliyoegeshwa kando ya duka huinuliwa na kutua mgongoni mwa mtu. Walioshindwa mara nyingi huomba radhi, wakatoa pesa, wakaenda zao. Katika Yakuza 0, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo hadithi yake ni ya 1988, Japani ilipokuwa imelewa utajiri, noti huwamwagika wapigwao kila konde linapofika.

Mjini Nakuru, nchini Kenya, gemu ya namna hii haifai sana vibandani. Vibanda vya PlayStation mitaani huishi kwa kandanda, kwa kuwa mechi ni fupi na wavulana wanaongojea padi ni wengi. Hadithi ya saa nyingi, inayosemwa kwa Kijapani na kusomwa kwa Kiingereza chini ya skrini, humfaa mwenye mashine yake nyumbani. Huyo hucheza peke yake, hana wa kumshangilia wala wa kumkanya. Kwa hiyo swali linaloulizwa hapa ni la dhamiri kabla ya kuwa la polisi: je, anayepiga watu na kutumikia genge ndani ya mchezo ametenda kosa?

Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza, ambalo wazazi na wahubiri wengi hulipenda, ni kwamba gemu kama hizi ni chuo cha ujambazi. Ushahidi hauendi mbali kiasi hicho. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, katika tamko la 2015 lililorudiwa 2020, kilikubali kwamba gemu za fujo zina uhusiano mdogo na ukali wa tabia, kama kufoka na kusukumana, lakini kikakataa kuzihusisha na uhalifu wa kumwaga damu kwa kukosa uthibitisho wa kutosha. Jibu la pili ni la wachezaji wenyewe: ni mchezo tu, hakuna aliyeumia.

Jibu hili la pili lina nguvu zaidi ya linavyodhaniwa. Kilomita chache kutoka katikati ya mji, kwenye eneo la kale la Hyrax Hill ambalo Mary Leakey alilichimbua miaka ya 1937 na 1938, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa mwambani. Bao ni mchezo wa kupokonyana. Mchezaji huteka kete za mwenzake hadi zimwishie, na hakuna dini iliyowahi kumshtaki kwa wizi wa kete. Kinachotendeka ndani ya mipaka ya mchezo hupata maana kutoka kwa kanuni zake, na walioketi kucheza wote wanalijua hilo.

Mafundisho ya dini nayo, yakisomwa kwa makini, hayamhukumu mchezaji kwa haraka. Hadithi inayofungua Sahihi ya Bukhari huipima amali kwa nia ya mtendaji. Nia ya mwenye padi ni kumaliza pambano, kupata alama na kuendelea na hadithi. Haimlengi kiumbe yeyote. Sura ya tano ya Injili ya Mathayo ni kali zaidi, kwani huirudisha dhambi ya kuua hadi kwenye hasira iliyofichika moyoni. Hata hivyo mchezaji wa kawaida hana hasira na wahuni wa Kamurocho. Anawahitaji, na wakikosekana barabarani huenda kuwatafuta.

Lakini wachezaji hao hao wana mpaka wao. Mwaka 2009 mwanafalsafa Morgan Luck aliuliza kwa nini watu huona mauaji ya kwenye gemu kuwa kitu cha kawaida, ilhali wangechukizwa na gemu ya kunajisi watoto, ingawa katika hali zote mbili hakuna mtu halisi aliyeguswa. Wanafalsafa bado wanavutana kuhusu jibu. Kwa vyovyote, anayechukizwa amekiri kwamba "ni mchezo tu" haitoshi: kuna jambo ambalo mchezo humfanyia yule anayeufurahia, hata pasipo majeruhi.

Jambo hilo lilimsumbua Augustino, mwana wa Thagaste katika Afrika ya Kaskazini, karne 16 zilizopita. Katika Maungamo yake anajiuliza kwa nini akiwa kijana huko Karthago alipenda kulia kwenye tamthilia kwa ajili ya misiba ya watu wa kubuni. Baadaye anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyekokotwa na wenzake hadi kwenye mapambano ya Roma. Alifumba macho, akayafumbua umati ulipopiga kelele, na tangu hapo akawa mtumwa wa tamasha lile. Mapambano yale yalikuwa ya damu ya kweli, kwa hiyo mfano haulingani kikamilifu. Ila Augustino alitambua kitu ambacho mjadala wa siku hizi hukipita, nacho ni swali la kile ambacho moyo unafundishwa kukipenda.

Yakuza ikipimwa kwa kipimo hicho, ngumi zake hazina uzito mkubwa. Ni vichekesho. Mtu hupigwa kipigo ambacho kingemmaliza ng'ombe, kisha akasimama na kuomba msamaha. Kilicho kizito ni heshima inayopewa genge. Mwaka 1995 wa hadithi, Kiryu anajitwisha lawama ya kumuua mkubwa wake Dojima, tendo la ndugu yake wa hiari Nishikiyama, na anafungwa miaka kumi bila kutaja jina la mtu. Baadaye analea yatima huko Okinawa. Mchezaji huishia kumpenda, na pamoja naye huja kuipenda dhana kwamba genge ni udugu, na kwamba wabaya ni wale tu waliousaliti.

Dhana hiyo haina ugeni katika Bonde la Ufa. Genge la Mungiki, lililochipuka upande wa Laikipia mwishoni mwa miaka ya 1980, lilijitambulisha kwa kiapo, mila na utetezi wa wasio na ardhi. Wenye matatu walilijua kwa ushuru wa lazima, na wakazi wa Nakuru na Naivasha walilijua kwa mashambulizi ya Januari 2008. Lilikuwemo katika orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku na serikali mwaka 2010. Nalo genge la Confirm, ambalo polisi walilitaja baada ya wanawake kadhaa kuuawa eneo la Mawanga katikati ya 2022, halikuwa na shairi lolote la udugu la kuwapa waliofiwa. Mtoto wa mtaa wa Kivumbini anayemhusudu Kiryu huenda ana jirani anayevaa sifa zile zile kama vazi la kuazima.

Japani yenyewe haijadanganyika. Sheria dhidi ya magenge ilianza kutumika 1992, na kufikia Oktoba 2011 kila mkoa ulikuwa na kanuni za kuwabana wafanyabiashara wanaoyalipa. Wanachama waliohesabiwa kuwa zaidi ya 180,000 mapema katika miaka ya 1960 wamebaki wachache wazee. Watungaji wa gemu wanalijua hilo, na haki yao wapewe: viongozi wa Tojo huonyeshwa kuwa walafi na wauaji, na Kiryu mwenyewe hutumia muda mwingi kulikimbia jina la joka alilobandikwa. Vituko vya pembeni, ambamo husimama kusikiliza shida za wapita njia, vina huruma ambayo tamthilia nyingi za heshima hazina. Mtu mzima anaweza kuitenganisha huruma hiyo na utukufu wa genge. Kijana wa miaka 12 huvipokea vyote kwa pamoja, na ndiye ambaye mzazi anapaswa kuketi naye, aulize kwa nini anayelipishwa hongo katika hadithi haonekani akilia, na muuza duka anayetozwa haonekani kabisa.

Limebaki suala la kamari. Kamurocho ina nyumba za kamari, na mchezaji huweza kupoteza mamilioni ya yeni usiku mmoja. Yeni hizo hazipo, kwa hiyo mali ya mtu haikuliwa. Kwenye kibanda cha kandanda, vijana wawili wakiwekeana shilingi 100 juu ya mechi, pesa hutoka mfuko mmoja na kuingia mwingine. Hiyo ndiyo maisiri, yaani kamari, ambayo Kurani imeikataza, nayo ni halisi, ingawa kwenye skrini haonekani mhuni hata mmoja.