Miguu Isiyovimba

Wapendwa, hapa Kolwezi tunaipenda Kumbukumbu la Torati 8 kwa ajili ya mstari wa 9, unaosema kwamba milima ya nchi ya ahadi huchimbwa shaba. Tukifika hapo tunaliona jimbo letu la Lualaba na shaba yake. Lakini kabla ya shaba, katika mstari wa 4, Musa anawakumbusha watu kwamba miaka 40 jangwani miguu yao haikuvimba. Mungu aliangalia miguu ya watu wake kwanza, madini yakafuata.

Miguu ya mji huu imevimba. Mama anasimama sokoni tangu alfajiri, kijana anashinda ndani ya buti za mgodini zenye chuma mbele, mchimbaji anashuka shimoni na ndara. Siku hizi wengi wameanza kukimbia kwa ajili ya afya, nami nafurahi sana. Ila wananunua raba za mitumba kwa kufuata jina lake, na soli ya ndani imeshabonyea kwa kisigino cha mtu mwingine.

Itoe soli hiyo. Lowesha wayo, ukanyage saruji kavu. Alama ikijaa yote, wayo wako ni bapa, na huenda soli inayoinua kidogo katikati ikakufaa. Soli mpya ijaribu alasiri, mguu ukiwa umetanuka, na usiipachike juu ya ile ya zamani, vidole vitabanwa. Kisha usikilize mguu wako kuliko muuzaji. Daudi alivua mavazi ya vita ya Sauli, ingawa yalikuwa ya mfalme, kwa sababu hakuweza kutembea nayo. Abebe Bikila wa Ethiopia alikosa viatu vya kumkaa vizuri Roma mwaka 1960, akakimbia peku na kushinda marathoni. Tokyo mwaka 1964 alivaa viatu, akashinda tena.

Mazoezi nayo yawe ya kwako. Anayeanza akimbie dakika moja, atembee mbili, siku tatu kwa juma, na apumzike katikati. Ukishindwa kuongea huku unakimbia, punguza mwendo. Kolwezi iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgeni huishiwa pumzi haraka. Wakati wa kiangazi toka mapema, upite njia za ndani za Manika au Dilala, kabla malori ya madini hayajatimua vumbi. Mwenye kisukari au ganzi miguuni amwone muuguzi kwanza.

Nanyi wakuu wa kazi mnaosali pamoja nasi, nawasihi: anayevaa namba 40 msimpe buti za 43 kwa kuwa ndizo zilizobaki ghalani.