Kabla Hujaandika Barua ya Kuacha Kazi

Mwanangu, nimesikia unataka kuacha kazi ukasome masta ya biashara. Sitakukataza. Kijana aliyekwisha kuamua hakatazwi, huulizwa maswali. Nami maswali haya nimewauliza wengi: wapo walionisikiliza, na wapo walioitikia "naam mzee" kwa adabu zote, kisha wakatenda waliyokuja nayo moyoni. Nimechoka kuyarudia, sikufichi. Lakini uchovu haumwondolei mzee wajibu wa kusema. Basi nitasema tena, taratibu, nawe nivumilie mpaka nimalize.

Unajua kazi niliyostaafu nayo: afisa utumishi. Barua za kuacha kazi zilipita mezani kwangu nyingi, na sababu iliyopendwa kuliko zote ilikuwa "kwenda kujiendeleza kimasomo". Ukimkalisha mwenye barua, ukampa maji ya kunywa, haichukui muda inatoka habari nyingine. Amerukwa kwenye kupandishwa cheo. Mkuu wake mpya ni mdogo kwake kwa umri na hamsalimu. Mwenzake waliyeajiriwa pamoja amepewa gari la ofisi. Kijana mmoja aliniletea barua aliyoinakili mtandaoni, na pale pa kuandika jina la mkurugenzi palikuwa bado pana nukta. Nikamrudishia nikamwambia, jaza nukta kwanza, halafu uniletee. Hakuileta tena. Hasira ilikuwa imekwisha, na masomo yakaisha nayo.

Kwa hiyo swali langu la kwanza ni hili: kama kesho wangekupandisha cheo na kukuongeza mshahara, bado ungetaka kwenda kusoma? Jijibu ukiwa peke yako. Kama jibu ni hapana, tatizo lako liko ofisini, na dawa ya ofisini haipatikani darasani. Tafuta kazi nyingine, au kamwone mkuu wako mzungumze kama watu wazima. Ada ya chuo ni ghali mno kuilipa kwa ajili ya kumkomoa bosi.

Swali la pili: hiyo MBA ni ya kukufikisha wapi? Shahada hii si ya jana. Harvard walianza kuitoa mwaka 1908, na tangu hapo imewafaa zaidi watu waliokwisha fanya kazi na sasa wanatakiwa kuongoza. Mhandisi aliyekabidhiwa kiwanda, daktari aliyepewa hospitali aiendeshe, mwalimu anayesimamia shule ya watu wengine: hao wakikutana na mizania kwa mara ya kwanza, wakajifunza kuisoma, faida wanaiona mwezi uleule. Ndiyo maana vyuo vingi vyenye jina hukuuliza kwanza umefanya kazi miaka mingapi. Anayetoka shahada ya kwanza ya biashara akaingia moja kwa moja kwenye ya pili atasikia mengi aliyokwisha kuyasikia.

Na zipo kazi ambazo MBA haikupeleki. Ukitaka kiti cha mhasibu mkuu, watakuuliza CPA ya NBAA, bodi ya wahasibu. Ukitaka kuwa mkuu wa ununuzi na ugavi, watakuuliza usajili wako wa PSPTB, bodi ya ununuzi na ugavi. Chukua matangazo ya kazi unayoitamani, siyo moja, na usome pale penye sifa za mwombaji. Karatasi inayotajwa pale ndiyo ya kuitafuta. Nimeona watu wenye masta nzuri wakipitwa kwenye usaili na mwenye cheti cha bodi, wakatoka wanalalamika kwamba kuna upendeleo.

Sasa tufike kwenye swali la tatu, la hesabu, maana hapa ndipo vijana wengi hunikatisha. Mnapiga hesabu ya ada, mnasahau mshahara. Ukiacha kazi miaka miwili, gharama ya masomo yako ni ada, pamoja na miezi ishirini na minne ya mshahara ambao hautaingia. Itoe hati yako ya mshahara, uiweke mezani, wewe na mwenzi wako, muisome mstari kwa mstari. Kuna mchango wa NSSF: utakoma wako na utakoma wa mwajiri. Kuna bima ya afya: kadi inayolipiwa kazini haitafanya kazi, na mtoto hachagui mwaka wa kuugua. Kuna mkopo wa benki uliochukua kwa dhamana ya mshahara uleule unaotaka kuuacha. Benki haitakungoja uhitimu. Kuna marejesho ya SACCOS, na wale wadhamini wako watatu ni watu unaowafahamu, watakatwa wao. Kuna Bodi ya Mikopo inayochukua asilimia 15 ya mshahara wako. Makato yatasimama, deni halitasimama.

Chini ya mistari hiyo yote kuna watu ambao hawaandikwi kwenye hati. Mama anayetumiwa pesa kila mwisho wa mwezi. Mdogo wako wa kidato cha tano. Hao uwaeleze mapema, kwa mdomo wako, kabla hawajagundua kwa simu isiyopokelewa.

Wengine hujipa moyo kwamba kuna mafao ya kuwashikilia. Sikiliza vizuri. Kiinua mgongo kinachotajwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, ile mishahara ya siku saba kwa kila mwaka uliotimiza kazini, hulipwa pale mwajiri anapokuachisha. Fao la kukosa ajira nalo halimhusu aliyeacha kwa hiari yake. Sheria hiyohiyo inataka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi isiyopungua siku 28, na mkataba wako waweza kudai zaidi. Usome mkataba. Ukiondoka Ijumaa ukadhani Jumatatu hawatakuona, watakukata.

Swali la nne ndilo ninalolipenda: nani kakwambia lazima uache? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wana MBA ya jioni kwa ajili ya watu wanaotoka kazini. Mzumbe wana ndaki yao papa hapa Dar es Salaam. Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa ajili ya mtu asiyeweza kuacha shughuli zake. Ni kazi ngumu, sitakudanganya: unatoka ofisini saa kumi na moja, unasukumana na foleni, unafika darasani macho mazito, na Jumamosi yako si yako tena. Lakini unachofundishwa Jumanne unakijaribu Jumatano kazini, na mwisho wa mwezi mshahara unaingia. Kama umeajiriwa serikalini, omba ruhusa ya masomo kwa maandishi. Kama uko kampuni binafsi, uliza kama wanafadhili, na wakikubali usome vizuri miaka watakayokutaka urudi kuwatumikia. Usitie saini kwa furaha.

Marehemu Reginald Mengi alikuwa mhasibu kitaaluma, na alianza kuunganisha kalamu za wino akiwa bado kazini. Biashara ilipomshika mkono ndipo akaiacha kazi. Nakutajia huyo kwa sababu najua ukutani kwako umebandika picha ya tajiri aliyeacha kazi, na picha hiyo haikuonyeshi miaka aliyofanya yote mawili.

Sisemi hakuna wa kuacha. Yupo. Aliyepata ufadhili kamili, mfano ule wa Chevening wa Uingereza, aende, tena aende mbio. Ajue tu kwamba wanataka arudi nyumbani akae miaka miwili. Aliyeweka akiba ya kutosha kodi, chakula na ada mpaka mwisho, aende. Ambaye kazi yake inamla afya, aende, na masomo yafuate baadaye. Na kama chuo ni cha nje au cha mtandaoni, waulize Tume ya Vyuo Vikuu kwanza kama wanakitambua. Ni heri kuuliza leo kuliko kubeba cheti ambacho hakuna mwajiri atakayekipokea.

Jambo jingine, na hili nawaambia hata wanaosoma jioni: tasnifu. Masomo ya darasani watu humaliza. Kisha msimamizi anasema rekebisha sura ya pili, mwanafunzi anaweka makaratasi kabatini, mwaka unapita. Wapo niliowaacha kazini wakijitambulisha kuwa "wanamalizia masta" na nikastaafu hawajamalizia. Anza kufikiria mada yako muhula wa kwanza, na uichukue kwenye kazi unayoijua.

Watu watakuja na methali. Mmoja atakwambia usiache mbachao kwa msala upitao. Mwingine atakwambia elimu haina mwisho. Wote wawili wamesema kweli, na hakuna hata mmoja wao atakayekulipia kodi ya nyumba. Ndiyo maana nimekuletea maswali na hati ya mshahara.

Ukishajibu, na ukaona njia yako ni kuondoka, ondoka kwa adabu. Toa notisi. Rejesha masurufu uliyochukua, kabidhi kompyuta, funguo na mafaili, mkabidhiane kwa maandishi na kila mtu abaki na nakala. Dai cheti chako cha utumishi. Hata wale wanaokukera, waage kwa mikono miwili, kwa maana mwajiri wako mpya atawapigia simu haohao.

Haya, nimemaliza. Jibu maswali yangu kwa kalamu na karatasi, siyo kwa mdomo, na uniletee. Majibu yakikaa sawa, nitakuombea dua na barua ya utambulisho nitakuandikia mimi mwenyewe. Yasipokaa sawa, subiri mwaka mmoja ulipe deni na kuweka akiba. Dirisha la udahili hufunguliwa kila mwaka.