Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida methali hii husomwa kama karipio kwa mgeni mvivu. Mwalimu Julius Nyerere aliitumia katika kijitabu chake cha Ujamaa cha mwaka 1962 kuonyesha kwamba katika jamii yetu ya asili hakuna aliyeruhusiwa kuishi kwa jasho la mwenzake. Lakini imo maana nyingine ndani yake, nayo ndiyo tunayotaka kuitafakari hapa. Siku mbili za kwanza mgeni huketishwa na kuandaliwa, naye hana sauti katika mambo ya nyumba. Siku ya tatu, anapokabidhiwa jembe, ni kama anaambiwa: sasa wewe ni mwenzetu. Jembe ndilo linalomtoa katika ugeni na kumwingiza katika uenyeji. Basi, kwa wahenga, jembe ni amana anayopewa mtu anayeaminiwa.

Sasa tutazame shule zetu. Mwanafunzi aliyechelewa hupewa jembe. Aliyepiga kelele darasani hupewa jembe. Aliyeshindwa jaribio hupelekwa shambani, na aliyefaulu huachwa asome. Kisha kengele inalia, na wanafunzi wale wale wanaingia katika kipindi cha kilimo na kuambiwa kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa. Si kila shule hufanya hivyo, lakini ni nani kati yetu asiyeijua desturi hii? Je, ni haki kumfundisha kijana akiheshimu kitu kile kile tunachomwadhibia? Hilo ndilo swali letu. Ni swali la maadili kabla ya kuwa swali la mitaala, kwa sababu linahusu ukweli wa neno la mwalimu.

Tuchukue mahali pamoja ili fikira zetu zisielee hewani. Bugarama ni kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, katika nchi ya vilima inayopakana na Burundi. Wenyeji wa wilaya hiyo, Wahangaza na Washubi, ni wakulima wa ndizi, maharage, mihogo na kahawa, na lugha zao zina udugu wa karibu na Kirundi. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu jembe halikuwa chombo cha kazi tu. Kwa jirani zao wa Burundi, jembe la chuma lilikuwa miongoni mwa vitu vilivyotolewa mahari: ukoo ulipoupa ukoo mwingine jembe, ulitangaza kwamba nyumba mpya inazaliwa, nayo itajilisha. Kijana aliyelelewa karibu na utamaduni wa namna hiyo hakuzaliwa na dharau ya jembe. Dharau hiyo amefundishwa.

Amefundishwa na nani? Kwa sehemu ni urithi wa shuruti. Wajerumani walipowalazimisha wananchi wa kusini kulima pamba katika mashamba yaliyosimamiwa na majumbe, jembe liligeuka kuwa nira, na jambo hilo likawa mojawapo ya sababu za Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Nusu karne baadaye Waingereza waliwaamuru Waluguru kukata matuta ya ngazi milimani mwao. Shabaha ya kuhifadhi udongo ilikuwa njema, lakini kazi ilikuwa nzito na mkulima hakushirikishwa katika kuamua. Mwaka 1955 upinzani wa wananchi ulizusha ghasia, na mtu mmoja akauawa. Hapa pana somo zito: hata shabaha njema, ikiletwa kwa kiboko, hupokelewa kama kiboko. Shule inayoadhibu kwa jembe inaendeleza desturi hiyo ya kigeni, hata kama haikukusudia.

Baada ya Uhuru taifa letu lilijaribu kuukata urithi huo. Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa Machi 1967, ilitaka shamba la shule liwe sehemu ya masomo yenyewe. Mei 1972 tamko la Siasa ni Kilimo lilitolewa Iringa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likasisitiza kwamba kazi ni sehemu ya elimu, na katika miaka hiyo shule za sekondari zikapewa michepuo: kilimo, ufundi, biashara na sayansi kimu. Lakini tukiisoma tena Elimu ya Kujitegemea kwa makini, twaona jambo lililosahauliwa upesi. Haikutaka wanafunzi walime tu. Ilitaka pia wapange, wapime wenyewe faida ya mbolea, na washiriki kuamua juu ya matumizi ya pato lao. Mahali pengi jembe lilibaki na fikira zikaondoka. Mwanafunzi akapalilia shamba ambalo hakuambiwa kwa nini limepandwa hivyo, akavuna mazao ambayo hakujua yameuzwa kwa bei gani. Mtu wa namna hiyo si mwanafunzi wa kilimo. Ni kibarua asiye na ujira.

Kwamba mkono na fikira havitengani, shamba lenyewe hutufundisha. Katika miaka ya 2000 mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria uliingia mkoani Kagera, baada ya kuonekana Uganda mwaka 2001. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake, na ukiipasua unaikuta imeharibika ndani. Mkulima hodari, mwenye panga kali, aliyepogoa shamba lake bila kuchoka, ndiye aliyeweza kuueneza ugonjwa huo upesi zaidi, kwa maana panga lililokata mgomba mgonjwa liliubeba ugonjwa hadi kwenye mgomba mzima. Bidii yake ikawa adui yake. Dawa ya kuuponya mgomba haikuwapo. Kilichofaa ni maarifa: kuliondoa ua dume mapema kwa kijiti chenye panda badala ya panga, ili wadudu wasipate pa kuambukizia; kulipitisha panga motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine; na kuung'oa mgonjwa kabla haujawaambukiza jirani zake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi. Yote yanahitaji kujua sababu.

Mkono bila maarifa huweza kuua shamba. Na maarifa bila mkono hayafiki shambani. Katikati ya viwili hivyo ndipo zilipo kazi zitokanazo na elimu ya kilimo, nazo ni nyingi kuliko wanafunzi wengi wanavyodhani. Yuko mtafiti, kama wale wa kituo cha Maruku karibu na Bukoba. Yuko afisa ugani, ambaye wazee wangali wanamwita bwana shamba. Wako mganga wa mifugo, mkaguzi wa mbegu, fundi wa mitambo, mhasibu wa chama cha ushirika, mwenye duka la pembejeo na mwalimu wa kilimo. Yuko pia mkulima mwenyewe, aliyesoma na kurudi kwenye shamba lake. Vyuo vya kilimo kama Ukiriguru na Uyole huwaandaa baadhi yao, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, kilichoanzishwa mwaka 1984, huwaandaa wengine. Nayo Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali katika elimu ya sekondari, na kilimo kimo ndani yake.

Ni ipi kati ya kazi hizo iliyo na heshima zaidi? Tunajibu kwamba heshima haimo katika jina la kazi wala katika umbali wake na matope. Imo katika kurudi kwa maarifa. Mtafiti asiyevaa buti lakini mche wake umefika Bugarama amelitumikia jembe. Bwana shamba anayejaza taarifa ofisini bila kukanyaga shamba hata moja amelikimbia, ijapokuwa mshahara wake watoka humo.

Hata hivyo, yafaa tumsikilize mzazi. Yule anayeuza mbuzi ili mwanawe asome anaweza kutuuliza: ninyi mnaolisifu jembe, mbona mmeshika kalamu? Swali lake ni la haki. Hamtaki mwanawe aliache jembe kwa sababu analidharau; anataka hivyo kwa sababu anajua uzito wake na anajua uchache wa malipo yake. Kumsifia mtu kazi yake huku tukimpunja bei ya mazao ni aina nyingine ya kiboko, chenye maneno matamu. Hivyo hatuna ruhusa ya kumwamuru kijana yeyote arudi shambani ili aipende dhiki. Tuna ruhusa ya jambo moja tu: kumpa elimu inayoipunguza dhiki hiyo, kisha kumwacha achague akiwa anajua anachokichagua.

Kwa hiyo, walimu wenzetu, mambo matatu yatupasa. Kwanza, kila tuta la shamba la shule liwe na sababu yake, na mwanafunzi aweze kuieleza. Pili, daftari la shamba liwe wazi: mbegu ilinunuliwa kwa kiasi gani, mavuno yalikuwa mangapi, pato limekwenda wapi, maana mwenye kulima ana haki ya kujua. Tatu, mwalimu naye ashike jembe mbele ya wanafunzi wake, kwani hakuna hotuba ya heshima ya kazi inayoshinda mikono ya mwalimu yenye udongo.

Na yule aliyechelewa? Aonywe na aadhibiwe, ikibidi, kwa njia nyingine. Jembe tumpe yule aliyekwisha kuwa mwenzetu.