Kufunga na Kufungwa

Kitenzi "kufunga" kimebeba mengi katika Kiswahili. Mtu hufunga mlango, hufunga safari, hufunga ndoa, hufunga mwezi wa Ramadhani; na nahodha wa Kigoma hufunga mashine kwenye tezi ya mtumbwi wake. Ikiwa neno ni moja, kifungo cha haki kitajulikanaje na kifungo cha dhuluma?

Njia ya kale ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, ilivishuhudia vyote viwili. Mpagazi wa Kinyamwezi aliufunga mzigo wake, ratili 60 au 70, akauchukua kwa ujira. Katika njia hiyo hiyo alipita mwenziwe aliyebeba pembe ya ndovu, shingo yake imo mnyororoni, akielekea pwani na pengine soko la Unguja, ambalo lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1882 wamisionari wa London nao walianza safari kutoka Saadani na mashua ya chuma, Morning Star, iliyokatwa vipande na kukokotwa kwa mikokoteni. Ilifika Ujiji mwaka 1883, na huko vipande vikaunganishwa. Bila ya vifungo vile isingekuwa chombo.

Leo mashine ya mtumbwi hubanwa na parafujo mbili. Fundi mwangalifu haridhiki nazo. Huchagua ubao mgumu wa tezi, hupitisha bolti hadi upande wa pili, huweka washa pana ili nati isiudidimize ubao uliolowa, kisha hufunga mnyororo wa akiba. Mtetemo hulegeza parafujo kidogo kidogo, kwa hiyo hukaza tena kila kabla ya safari. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470. Mashine ikichopoka, hairudi.

Atasema mtu: mwenye mtumwa naye alidai kuwa anafunga kwa manufaa ya wote. Kwa hiyo dai la mfungaji halitoshi kuwa ushahidi. Pa kutazama ni pale uzito wa kifungo unapoangukia. Mnyororo wa shingoni ulimlemea aliyefungwa, na aliyeushika akatembea mwepesi. Parafujo ya tezi humlemea anayeikaza: yeye ndiye anayeamka alfajiri, yeye ndiye anayeinama kupapasa nati ambazo abiria hawazioni wala hawajui kuziulizia. Mama aliyepakata mtoto katikati ya mtumbwi amekwisha kumwamini kabla ya kumwona akifanya kazi hiyo. Kwa kukaza nati, nahodha amejifunga mwenyewe kwa watu wasiomdai chochote kwa mdomo.

Hivyo ndivyo ilivyo amana. Hukabidhiwa mara moja, lakini hulindwa kila siku, kwa sababu mtetemo hauna likizo. Na ndoa, na ahadi, na uongozi, ni vifungo vya namna hiyo: vikimlemea mfungwa peke yake, vimekwisha kurudi kwenye mnyororo wa njia ya Tabora.