Pumzi ya Mgeni

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Methali hii ni sifa ya ukarimu, na watu huitumia bila ya kuishuku. Walakini uko mji katika Uchina, jina lake Dunhuang, ambako maana yake hupinduka: mgeni huja, na mwenyeji huugua. Mwenyeji huyo ni kuta za mahekalu ya Budha, zilizochorwa ndani ya mapango na mikono iliyokwisha kuwa mavumbi zamani.

Dunhuang iko katika jimbo la Gansu, kando ya jangwa, mahali ambapo misafara ya Njia ya Hariri ilipumzika kabla ya kuukabili mchanga. Yapata kilomita 25 kutoka mjini limesimama genge la Mogao. Mapokeo husema kwamba mwaka 366 mtawa aliyeitwa Lezun aliona hapo nuru kama ya Mabudha elfu, akachimba pango la kwanza. Waliomfuata walichimba, wakachonga na kuchora kwa muda wa karibu miaka elfu. Mapango yenye michoro na sanamu ni 492, na michoro ya kuta zake, kama ingetandazwa chini, ingefunika mita za mraba 45,000.

Michoro hiyo haikupakwa juu ya jiwe tupu. Ilipakwa juu ya lipu ya udongo uliochanganywa na majani makavu, na ndani ya mwamba na lipu imo chumvi. Mgeni aingiapo huleta joto la mwili wake na unyevu wa pumzi yake. Hewa ikilowa, chumvi huyeyuka. Hewa ikikauka, chumvi huganda tena na kuisukuma rangi mpaka ibanduke. Mtu mmoja hadhuru kitu, lakini maelfu hudhuru, na kila mmoja katika maelfu hayo hujihesabu kuwa mmoja.

Hapa huzaliwa swali zito. Je, ni halali kutazama kitu ambacho kutazamwa kwake ni sehemu ya kuharibika kwake?

Jibu la kwanza ni kufunga milango. Jibu hili lina ushahidi wake. Mwanzoni mwa karne ya 11 chumba kidogo cha Mogao kilizibwa, na ndani yake zikakaa hati maelfu kwa maelfu, salama kwa miaka ipatayo 900, mpaka kasisi wa Tao, Wang Yuanlu, alipokigundua mwaka 1900. Lakini katika miaka hiyo yote hapakuwa na mtu aliyezisoma. Mali iliyofukiwa haiibiwi, wala haimlishi mtu.

Jibu la pili ni kumfungulia kila apendaye. Jibu hili nalo lina ushahidi, na ushahidi wake unauma. Aurel Stein, aliyefika mwaka 1907, na Paul Pelliot, aliyefika mwaka 1908, walikuwa wanazuoni waliojua thamani ya hati zile kuliko mlinzi wake. Kwa fedha kidogo walichukua maelfu yake, zikaenda London na Paris. Miongoni mwake kilikuwamo kitabu kilichopigwa chapa mwaka 868, kikongwe kuliko vyote vilivyosalia vyenye tarehe yake. Mwaka 1924 Langdon Warner alibandua michoro ukutani kwa gundi, akaipeleka Marekani. Udhuru wa wachukuaji ulikuwa kuokoa, na udhuru huo haukuwa mtupu kabisa: mwaka 1921 askari wa Kirusi waliokimbia vita vya nchi yao waliwekwa mapangoni, na moshi wa mioto yao ukazitia kuta weusi. Hata hivyo, amchukuaye mtoto katika nyumba inayovuja hajaiezeka nyumba.

Mgeni wa leo huwalaumu watu hao kwa urahisi, kwa kuwa yeye hutoka mikono mitupu. Lakini aghalabu huamini jambo lile lile waliloliamini wao: kwamba mapenzi yakiambatana na nauli huwa haki.

Jibu la tatu limo katika methali nyingine: "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Chang Shuhong alikuwa mchoraji wa Kichina aliyesoma Paris, na huko, kwa maelezo yake mwenyewe, alikutana na picha za Mogao katika kitabu cha Pelliot. Mwaka 1943 alikwenda Dunhuang. Alikuta mchanga umejaa mapangoni. Yeye na wenzake wakauondoa, wakajenga ukuta, wakapanda miti. Mgeni alishika jembe, akawa mwenyeji.

Si kila mgeni aweza kukaa. Kwa apitaye, jembe lake ni kujizuia. Tangu mwaka 2014 wageni huoneshwa kwanza filamu mbali na genge, kisha huongozwa katika mapango machache kwa mwanga wa kurunzi. Idadi yao kwa siku iliwekwa kuwa 6,000, na msimu wa wengi walioongezwa huona mapango machache zaidi.

Mtu aweza kunung'unika kwamba wa kale walikula karamu, naye aliyekuja mwisho apewa makombo. Lakini na atazame chini ya kuta zile. Hapo wamechorwa waliotoa mali zao ili mapango yachimbwe, na wengi wao waliomba thawabu yake iwaendee wazazi waliokufa. Walilipia mema ya watu ambao hawangewaona tena. Zaidi ya hayo, ajionaye wa mwisho hukosea hesabu: yeye yumo katikati ya msafara, na walio nyuma yake hawajazaliwa.

Basi aridhikaye na mapango machache, akayaacha mengine gizani, humwachia zawadi mtu asiyemjua. Mgeni wa namna hiyo na aje, mwenyeji apone.