Tafakuri ya siku ya 22: Niwie radhi, mwanangu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

 

Juzi baada ya tarawehe mzee mmoja alinishika mkono pale nje tunapovaa viatu. Akaniambia, "Sheikh, wanangu wanakuja Idi, wana ndevu tayari. Nataka tutoke wote, twende mahali tukatembee. Mama yao anasema hiyo israfu, vijana wakubwa hawatembezwi. Wewe unasemaje?" Nikamjibu kwa kifupi: kama hukopi na huachi la lazima nyumbani, si israfu. Akafurahi, akaenda zake.

Lakini nilipofika kitandani nikaona jibu langu ni nusu. Nauli ndiyo gharama ndogo. Iko gharama nyingine, na hiyo nililipa mimi mwenyewe Desemba iliyopita.

Ninao vijana wawili. Mkubwa ana miaka 24, anafanya kazi Dar es Salaam. Mdogo ana 20, yuko chuo. Shule zilipofungwa nikawaambia, tuacheni simu, twendeni Lushoto siku tatu, sisi wanaume watupu. Basi tukakutana stendi ya hapa Tanga asubuhi. Nikawakumbusha mafundisho ya Mtume (S.A.W.) kwamba wakitoka watatu safarini, wamchague mmoja awe kiongozi wao. Nikamchagua mkubwa. Nikasema, "Leo wewe ndiye amiri, mimi na mdogo wako ni raia." Tukacheka.

Jamani, kuyasema ni rahisi. Hatujafika hata Korogwe nimeshaanza kumwelekeza amiri wangu akae upande gani. Mombo yeye akasema tule kwanza ndipo tupande gari la mlimani. Mimi nikataka tuondoke papo hapo. Akanitazama kwa upole, akasema, "Baba, si umesema mimi ndiye amiri?" Nikakaa, nikala ugali wangu kimya. Miaka yote nafundisha darasani na msikitini, sikujua kama utii ni mgumu hivi. Wanazuoni husema safari imeitwa hivyo kwa Kiarabu kwa sababu inafunua tabia za watu. Mimi nilidhani itafunua tabia za vijana.

Kesho yake tulitembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Irente, pale kwenye ukingo wa mlima. Unasimama juu, chini kuna bonde la Mazinde lote, barabara kuu inaonekana kama uzi. Baridi nzuri. Tumekaa juu ya jiwe, tunakula mapeasi, na mimi nikaanza kuhadithia matembezi yetu ya zamani, kama wazee tunavyopenda. Nikaingia kwenye ile ya Pangani.

Hii Pangani nimeihadithia mara nyingi, hata baadhi yenu mmeisikia. Ilikuwa Idi, mkubwa ana miaka 9, mdogo ana 5. Niliwapeleka Pangani, tukavuka mto kwa pantoni kwenda Bweni. Nimewanunulia viatu vipya vya sikukuu. Walipovua, nikamkabidhi mkubwa mfuko wa viatu, nikamwambia shika vizuri. Katikati ya mto kiatu kimoja kikaangukia majini. Nikamzaba kofi mbele ya abiria wote. Kila nikihadithia huwa namalizia kwa kicheko: "Na huyu ndiye niliyemwamini na mfuko!" Watu wanacheka, na yeye anatabasamu.

Siku ile pale Irente nilipofika kwenye kicheko, mdogo hakucheka. Akasema, "Baba, kiatu nilikidondosha mimi. Nilitia mkono kwenye mfuko nikitaka kukiangalia, kikateleza. Kaka aliona. Hakusema."

Nikamgeukia mkubwa. Yeye anatazama bondeni. Nikamuuliza, kwa nini hukusema? Akajibu, "Alikuwa mdogo, baba, na wewe ulikuwa umekasirika sana."

Ndugu zangu, miaka 15. Kwangu mimi siku ile ilikuwa bahari, samaki wa kukaanga na watoto wanaoruka majini. Kwake ilikuwa kofi lisilo lake, aibu mbele ya watu, na safari ya kurudi nyumbani. Halafu mimi nikaichukua ile aibu nikaifanya kichekesho cha barazani. Kila Idi nikampiga tena.

Hapa ndipo swali linapoingia. Je, mwana anaweza kumdai baba yake? Sisi tumelelewa kwamba radhi inashuka kutoka juu: mtoto anatafuta radhi za wazazi. Hilo ni kweli na silipunguzi hata kidogo. Lakini Mtume (S.A.W.) aliwauliza maswahaba nani ni muflisi, kisha akawafafanulia kuwa ni yule atakayekuja Siku ya Kiyama na swala, swaumu na zaka zake, huku amemtukana huyu, amekula mali ya yule, amempiga mwingine, basi mema yake yatagawiwa kwa aliowadhulumu. Nimeitafuta mara nyingi katika mafundisho hayo sehemu inayosema "isipokuwa akiwa ni mwanao". Sikuiona.

Atasema mtu, mzazi ana ruhusa ya kumwadabisha mwanawe. Sawa. Lakini adabu ni kwa aliyekosa, na kabla yake kuna kuuliza. Mimi sikuuliza. Nilikuwa na hasira ya kiatu cha pesa yangu, nikaiita malezi.

Mwingine atasema, ukimwomba mtoto radhi atakupanda kichwani, heshima itashuka. Na mimi hofu hiyo nilikuwa nayo, pale pale kwenye jiwe. Lakini fikirini. Heshima yangu mbele ya watu ilikuwa imelindwa na nani miaka yote hiyo? Ni yeye. Angeweza kusema siku moja tu barazani, "Baba, hukuuliza," na kicheko kingenigeukia. Hakusema. Nilidhani mimi ndiye ninayewasitiri wanangu, kumbe mwanangu ndiye aliyekuwa ananisitiri.

Tazameni Nabii Ibrahim (A.S.). Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba alisafiri kumtembelea mwanawe Ismail akiwa mtu mzima, akamkuta karibu na Zamzam anachonga mishale yake. Wakapokeana kama baba na mwana wanavyopokeana. Kisha Ibrahim akamweleza kuwa Mola wake amempa amri, na akamuuliza kama atamsaidia. Amri imetoka kwa Mwenyezi Mungu, naye ni baba na ni Nabii, na bado anamuuliza kijana wake. Ndipo wakajenga Al-Kaaba, mwana analeta mawe, baba anajenga. Sasa mimi na kiatu changu ni nani hata nishindwe kumuuliza wangu?

Basi nikasema. Nikasema, "Mwanangu, nilikudhulumu. Niwie radhi." Maneno matatu manne, na wallahi yalikuwa mazito kuliko kile kilima. Yeye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Tulikuwa watoto, baba. Ila ile hadithi usiihadithie tena kwa watu."

Hakusema "nimekusamehe". Na sikumlazimisha, maana kumlazimisha mtu akusamehe ni kumwamrisha mara ya pili. Tukateremka. Alasiri akatuongoza swala ya safari yeye, amiri wetu, na mimi nikasimama nyuma yake pamoja na mdogo wake.

Mtaniuliza, mbona leo umeihadithia? Nilimpigia simu juzi usiku, nikamwomba ruhusa kwa ajili yenu. Akafikiri, akasema, "Hadithia, baba, lakini hadithia ilivyokuwa." Nimejitahidi.

Ndugu zangu, siku nane au chini ya hizo zimebaki. Tunaomba maghufira kila usiku, na Mwenyezi Mungu ni Mwingi wa kusamehe katika haki yake. Haki ya mja inabaki kwa mja. Kwa hiyo mzee wangu uliyeniuliza, watoe vijana wako Idi, na mama yao mchukueni pia. Mpe mmoja uongozi, umtii. Mkishakaa mahali, waulize wao wanakumbuka nini cha zile safari za utotoni, kisha nyamaza usikilize. Ikija ya kukuchoma, usiigeuze utani.

Ee Mwenyezi Mungu, turehemu sisi na watoto wetu, na tuwezeshe kurudisha tulichodhulumu kabla ya siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Amin.

Darsa leo baada ya Alasiri kama kawaida, In shaa Allah. Mwenye ndoo ya uji wa futari ya jana aje aichukue, iko kwa muadhini.